Farasi walioachwa njiani: Swift Sport mbele ya STI na GTI

Mpwa wangu ana Subaru Impreza WRX STI, ile ya milango mitano iliyotoka Japani na injini ya lita 2.0 yenye nguvu ya farasi 308. Mimi nina Suzuki Swift Sport ya kizazi cha ZC31S: lita 1.6, farasi 125, gia tano za mkono, rangi ya njano ambayo juu ya boneti imeshapauka. Jumapili moja tulikutana mahali pa kuoshea magari Bugolobi. Kijana wa mpira wa maji alipomaliza ya mpwa wangu aliitazama yangu, akauliza kwa adabu kabisa kama na hii ya mama watoto ioshwe. Mpwa wangu akacheka hadi akashika ukuta. "Mjomba, uza hiyo. Nitakuongezea pesa ununue gari."

Najua mzaha huo unatoka wapi. Kwa wapenzi wa hachibaki kali hapa Kampala, yaani vigari vya mlango wa nyuma vilivyotiwa moto, swali la kwanza ni farasi wangapi, la pili ni ekzosi inaliaje, na la tatu halipo. Usukani unakwambia nini mikononi, gari linakaaje kwenye kona yenye lami iliyopasuka, abiria anafika Jinja na mgongo wake au ameuacha Lugazi: hayo huhesabiwa kuwa maneno ya wazee. Nina miaka 43, kwa hiyo huenda kweli ni maneno ya wazee.

Wenye magari ya nguvu wana hoja moja ambayo sijaweza kuijibu vizuri, basi niiseme mapema. Toka Mukono asubuhi uelekee Jinja. Ndani ya msitu wa Mabira njia ni moja ya kwenda na moja ya kurudi, miti imefunga pande zote, na mbele yako kuna trekta inayokokota matela mawili ya miwa. Swift yangu kiwandani ilipewa sekunde 8.9 kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa. Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha sita, yenye farasi 210, ilipewa 6.9. STI ni 5 na kidogo. Tuseme katika kuipita trekta ile nakaa upande usio wangu sekunde 2 zaidi ya mpwa wangu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hizo ni mita 44 za ziada. Na basi linalokuja mbele limekula mita 44 zake. Karibu mita 90 ambazo mwenye STI hazihitaji. Jibu langu ni kusubiri, na walio nyuma yangu huwa hawalipendi.

Tena wana matope. Mvua ikipiga barabara ya udongo, magurudumu manne yanayovuta hukutoa mahali ambapo mimi ningeanza kupiga simu. Aliyewahi kusimama kando ya njia kutazama Pearl of Africa Rally, mbio za magari za Uganda, hahitaji kuelezwa kwa nini Subaru hapa inapendwa kama timu ya taifa.

Lakini tuwahesabu hao farasi. Namba zilizo kwenye karatasi za Japani ni za hewa ya usawa wa bahari. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 11. Injini isiyo na turbo, yaani feni ya kuisukumia hewa, huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. Hewa ikipungua, petroli inayoweza kuchomwa inapungua, na nguvu inakwenda nayo karibu kwa kiasi hicho hicho. Maana yake Swift yangu iliposhushwa melini Mombasa ilikuwa na farasi 125, na dereva aliyeileta alinikabidhi Kampala ikiwa na 110. Farasi mmoja ameachwa kila mita 80 za kupanda. Na hiyo ni baada ya baadhi kurudi zizini: kule Timboroa nchini Kenya, karibu mita 2,700, walikuwa wamepotea kama 30, kisha wengine wakarejea gari lilipoteremka kuelekea Malaba.

Hesabu hii nimeirudia mara nyingi kichwani, hasa nikiwa nyuma ya trekta, kwa sababu inauumiza upande wangu. Turbo ya STI au ya Golf haipotezi kiasi hicho. Kompyuta huiacha izunguke kwa kasi zaidi mpaka shinikizo linalotakiwa lipatikane. Hewa inatoka na joto zaidi, kidogo kinapungua, basi. Kwa hiyo pengo kati yangu na mpwa wangu ni kubwa zaidi Kampala kuliko lilivyokuwa Yokohama. Anayeumia kuliko mimi ni mwenye Civic Type R ya zamani, ile EP3 ya Japani. Farasi wake 215 wanapatikana juu kabisa, kwenye mizunguko 8,000 ya injini kwa dakika, na hapa kwetu wamebaki kama 190. Golf ambayo Japani angeiacha bila kuigeukia, kwenye mlima wa Kampala inampumulia kisogoni.

Ila kuna kitu ambacho mwinuko haukigusi. Swift yangu ilikuwa na kilo 1,060 Mombasa, na ina kilo 1,060 Kampala. STI ina karibu 1,480. Tofauti ni kilo 420, yaani ng'ombe wa Ankole amepakiwa kiti cha nyuma, pembe zimetokeza madirishani. Kwenye mstari ulionyooka farasi 308 humvuta ng'ombe huyo bila taabu, huwezi kujua kama yupo. Kanyaga breki ndipo umsikie akija mbele. Ingia kona ndipo umsikie akiegemea mlango. Subaru wanalijua hilo, ndiyo maana STI ina breki za Brembo na tairi pana za 245/40 R18. Mashine nzuri zimewekwa kumshika ng'ombe ambaye kwangu hakupanda kabisa.

Nilikuja kuelewa hili kwa mwili kwenye barabara ya Mbale kwenda Kapchorwa, pale inapopanda kuelekea maporomoko ya Sipi. Lami ni nzuri, kona zimejikunja moja juu ya nyingine, upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni uwanda ulio chini sana. Mpwa wangu alitangulia. Kila palipokuwa na kipande kilichonyooka alinikimbia, ekzosi yake ikirudi mwambani kama ngoma. Kila kona nilimkuta. Swift unaiingiza gia ya tatu, unaachia mafuta kidogo tu, pua inajielekeza ndani na mkia unafuata kwa hatua moja, kama mtoto anayemfuata mama sokoni. Unarudisha mafuta yote, mpaka chini, kwa sababu nguvu iliyopo unaweza kuitumia yote. Yeye hakuwahi kukanyaga yake mpaka chini kwa zaidi ya sekunde 3. Kona inayofuata ilikuwa imefika. Tulipofika juu mimi nilikuwa natokwa jasho kwa raha, na yeye alikuwa anazungumzia joto la breki.

Simaanishi kwamba STI haijui kona. Kwa dereva wa mashindano, kwenye njia iliyofungwa, ingeniacha hadi nisahau rangi yake. Ninachosema ni kwamba kwenye barabara yenye boda boda, mbuzi na watoto wa shule, sehemu kubwa ya nguvu ile hukaa kabatini kama sahani za wageni.

Na zipo hachibaki ambazo nguvu yake iliwashinda hata walioitengeneza. Mazdaspeed Axela ya lita 2.3 yenye turbo ilipewa farasi 264, wote wakashikwa na magurudumu mawili ya mbele, yale yale yanayopaswa kuelekeza gari. Ukikanyaga kwa hasira usukani unakupokonya mkono. Mazda wenyewe waliipunguza nguvu katika gia ya kwanza na ya pili kwa kompyuta ili gari liende linakoelekezwa. Mnunuzi analipia farasi, kisha kiwanda kinawafungia baadhi. Volkswagen walikuja na njia ya kistaarabu zaidi katika Golf ya saba ya farasi 230: difu inayogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, pua ikavutwa ndani ya kona badala ya kusukumwa nje. Hiyo nimeiendesha mara moja. Nilirudisha funguo polepole.

Hapo ndipo ninaposhindwa waziwazi: katika utulivu. Rafiki yangu ana GTI ya sita, na tukipanda wote kwenda Entebbe kwa ile barabara ya kulipia tunaongea kwa sauti ya sebuleni. Kwangu, kilomita 100 kwa saa, injini inalia, tairi zinavuma, na aliyekaa nyuma anauliza kila kitu mara mbili. Shokapu za Swift ni ngumu. Tuta la Kampala linakufikia kiunoni bila kupitia ofisi yoyote. Golf GTI tangu kizazi cha tano, mwaka 2004, magurudumu yake ya nyuma yamefungwa kwa mikono kadhaa inayojitegemea, kwa hiyo shimo la kushoto ni habari ya upande wa kushoto peke yake. Swift ina mhimili mmoja unaounganisha pande zote mbili, na shimo la kushoto linajadiliwa gari zima. GTI ya nne ilikuwa na turbo na viti vizuri lakini kwenye kona ilikuwa sofa. Ya tano ikaonyesha kwamba mtu anaweza kupata sebule na kona kwa pamoja. Anayesema gari tulivu si gari la moto hajakaa ndani ya ile.

Tatizo la Golf linaanza ukishuka. Fundi wangu wa Ndeeba, ambaye Kiswahili chake kilikulia Arua, anasema Golf ni mgeni wa heshima: akija, lazima uchinje kuku. Giaboksi ya DSG ya gia sita, ile inayojibadilishia gia yenyewe, inataka mafuta mapya kila kilomita 60,000, na gari la mtumba halina mdomo wa kukwambia kama yaliwahi kubadilishwa. Injini zile za kizazi cha sita zina kikaza mnyororo kilichojulikana kwa kulegea, na mnyororo ukiruka injini imekwenda. Swift yangu, kila nilichokitaka nimekipata Kisekka, kwenye soko la vipuri, kabla ya chakula cha mchana, mara nyingine kutoka kwa Swift ya kawaida iliyokatwa.

Mashimo nayo yana maoni yake. Mwaka jana niliingia shimo lililojaa maji ya mvua, rimu ya mbele kushoto ikapinda kama sahani ya bati. Jamaa mmoja Katwe aliipasha moto, akaigonga kwa nyundo huku akiizungusha mbele ya jicho moja, na nikaondoka nayo saa hiyo hiyo. Tairi langu ni 195/50 R16, lina nyama ya kutosha ubavuni. Wiki hiyo hiyo STI iliingia shimo dogo kuliko langu. Tairi la inchi 18 likapasuka ubavu, na kwa gari linalovuta kwa magurudumu manne hupendi kuweka moja jipya pembeni ya matatu yaliyochakaa. Mpwa wangu alinunua manne.

Walio nje ya mchezo huu huniuliza kwa nini nisiagize nyingine iliyo mpya zaidi. ZC31S haiagiziki tena: ilitengenezwa kuanzia 2005 hadi 2010 hivi, na sheria ya 2018 inazuia kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Zilizopo ndizo hizo tunazopungiana mikono barabarani. Ninayoitamani ni Swift Sport ya kizazi cha ZC33S, ya 2017, ambayo naona kama iliundwa na mtu aliyewahi kuishi Kampala: turbo ya lita 1.4, farasi 140 ambao hawaachwi njiani, nguvu ya kuzungusha ya Newtonimita 230 inayokuja mapema, na kilo 970. Wameongeza nguvu na wamepunguza uzito kwa wakati mmoja. Kasoro yake ni milimita 120 tu kati ya tumbo na ardhi, na yapo matuta mtaani kwetu ambayo nimeyapima kwa macho nikaona heri ningoje.

Ningekuwa mtu wa kupanda Kabale kila wiki na abiria wanne, nisingeandika hivi. Ningetafuta Golf yenye kumbukumbu za gereji na kutenga pesa ya kuku. Ningekuwa na shamba ndani ndani ya barabara ya udongo, ningenyamaza na kununua Subaru. Lakini mimi huishi Kampala, husafiri na begi moja, na mara moja kwa mwezi hupanda Sipi.

Mwezi uliopita mpwa wangu aliniomba ufunguo wa Swift, STI yake ikiwa kwa fundi. Alisema ataurudisha saa kumi. Alirudi saa mbili usiku, tanki tupu, tairi za mbele zimekwanguka mabegani. Nimemwambia saizi ni 195/50 R16, na maduka anayajua.