Usukani Uliojaa Maji, Bomba Halina Tone

Mimi sina ugomvi na maji ya bahari yakikaa baharini. Ugomvi wangu ni haya yaliyopanga ndani ya usukani wa boti ya tajiri, ule ubao wa nyuma unaoigeuza boti majini: kodi hayalipi, kuhama hayataki. Nyumbani kwangu hapa Kilifi bomba linakohoa hewa wiki nzima na hakuna anayeshangaa. Lakini usukani, ambao hakuna aliyeutuma maji, unadondosha usiku na mchana.

Asiyezijua boti hizi za matanga za faiba hudhani usukani wake ni kipande kizima. Wapi! Ni maganda mawili yaliyogundishwa, na katikati mmejazwa povu gumu. Ndani ya povu inapita shafti ya stenlesi iliyochomelewa mbavu za chuma, ili ukiizungusha shafti, ubao nao ugeuke. Pale juu shafti inapoingilia ndipo penye fitina. Faiba na chuma havijawahi kupatana: jua likipiga, kila kimoja kinatanuka kivyake, mpaka unafunguka ufa ambao hata ukucha hauingii. Mchana usukani ukipata moto, hewa ya ndani inatoka. Ukipoa ndani ya maji, unavuta tena, na safari hii haivutwi hewa. Kuingia maji yanajua, kutoka ndiyo hadithi.

Tajiri yuko Uingereza. Akaniandikia: toboa chini, milimita 6, yatoke. Eti kwao watu hutoboa kila kipupwe kikikaribia, kwa sababu maji yakiganda ndani hutanuka na kuupasua usukani. Barafu! Barafu ninayoijua mimi iko kwenye sanduku la samaki. Lakini anayelipa ni yeye, na boti tayari iko nchi kavu juu ya magogo, basi nikatoboa. Drili ilipopenya ganda, maji yakanirukia usoni, rangi ya strungi, harufu ya yai viza. Nikatoboa tundu jingine juu ili hewa iingie, nikatega beseni.

Wataalamu nao wakatokea. Pwani hii shika drili tu uone, kila mpita njia ni injinia. Mmoja akasema niweke jiko la makaa chini yake. Povu na gundi, jiko la makaa! Mwingine, kijana wa simu, akasema tuufukie kwenye mchele. Usukani mrefu kunizidi mimi! Mchele wa kuufukia huo si ningelisha harusi, na maneno ya wapambe juu?

Halafu akaja mzee fundi wa majahazi. Hakuuliza kitu. Akagonga ubao kwa kifundo cha kidole kuanzia juu: ko, ko, ko... halafu, bup. "Mwanangu, hapa povu limeshaachana na ganda. Usukani wa jahazi ni mbao, umetundikwa nje nyuma, ukilowa umelowa, ukikauka umekauka. Nyinyi mmeifungia bahari ndani, kisha mnaitafutia mlango." Nikamwamkia shikamoo mara ya pili, maana jibu sikuwa nalo.

Kinachonikosesha usingizi ni ile rangi ya strungi. Stenlesi inasifiwa kwamba haishiki kutu, na kweli, ilimradi ipate oksijeni ya kuitunza ile ngozi yake nyembamba inayoilinda. Ifungie gizani na maji ya chumvi yaliyotuama, inaliwa kimyakimya, hasa penye weldi. Siku mbavu zikikatika, nahodha atazungusha shafti vizuri kabisa, na ubao hautakuwa na habari naye. Hiyo iwe mlangoni pa mwamba, upepo wa kusi uko nyuma, halafu uniambie.

Yaeleze hayo kwa mtu ambaye kila asubuhi anaandika neno moja: "Umekauka?" Ukauke vipi, tajiri, na unyevu huu wa Pwani, hata chumvi ya kopo inashikana? Jioni namwaga beseni, asubuhi lina maji tena. Mama watoto kapita, kachungulia, kauliza: "Baba Mwanaidi, hayo hayafai hata kudekia?"

Nikakaa nikamwandikia tajiri ukweli wote. Ganda la upande mmoja libanduliwe, povu lote likwanguliwe, weldi zikaguliwe na zilizoliwa zichomelewe upya. Baadaye povu jipya, kitambaa cha faiba, epoksi. Na pale juu shafti inapoingilia tuchonge mfereji kuizunguka, tujaze gundi ya mpira inayonyumbuka, maana gundi ngumu itapasuka palepale. Chini nikaweka bei, bila kupamba.

Tiki mbili zikageuka buluu papo hapo. Nikangoja. Kutwa nzima, kimya. Jioni, nikiwa namwaga beseni, simu ikalia:

"Hali ya hewa huko vipi?"