Msitu wenye mwenyewe

Huku Sweden lori la magogo likipita hakuna anayegeuka kulitazama. Kwetu Tanzania swali la kwanza ni kama lina kibali. Nimeishi pande zote mbili, na sikubaliani na wanaosema Wazungu wanapenda miti kuliko sisi. Karne nyingi Waswidi walichoma mkaa wa kuyeyushia chuma, wakakata bila kurudishia, hadi sheria ya mwaka 1903 ikamlazimisha anayevuna kuhakikisha msitu unaota tena. Leo karibu nusu ya misitu yao ya uvunaji ni mali ya familia. Babu anapanda, mjukuu anavuna, na ushirika unawatafutia soko.

Sisi nasi tuna sheria nzuri. Ile ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu ulio kwenye ardhi yake, kujiwekea sheria ndogo, kutoza ushuru na faini, na mapato yakabaki kijijini. Kule Duru-Haitemba, Babati, wanakijiji walikabidhiwa msitu wao katika miaka ya 1990, wakaulinda kuliko ulivyokuwa ukilindwa kabla. Mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, na mpingo wao ukauzwa kwa jina lao.

Kinachoniuma ni hifadhi za serikali zinazoitwa za usimamizi wa pamoja. Humo kamati ya kijiji imepewa doria, lakini mgawo wa mapato umebaki kizungumkuti kwa miaka mingi. Mtu anaacha shamba lake, anaingia porini usiku bila viatu vya maana kukabiliana na wakata mbao wenye mapanga, halafu ushuru unakusanywa na wengine. Atafanya hivyo kwa miaka mingapi? Mimi nisingemaliza hata miwili, na simlaumu atakayeamua kufumba macho.

Hata hivyo, si kila cha huku ni cha kuigwa. Wanafyeka eneo zima, kisha wanapanda msonobari kwa mistari kama mahindi, na Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini wanaofuga reinde (wanyama wa jamii ya kulungu), wanalalamika kwamba kuvumwani ya mitini na ya ardhini inayoliwa na mifugo yao inatoweka. Misitu yetu ya miombo haihitaji hayo. Kisiki kikiachwa bila moto wala jembe, kinachipua chenyewe. Vijiji kadhaa vya Kilosa viligawa sehemu ya msitu kwa ajili ya mkaa katika vitalu vidogo, wakavuna kimoja na kuruka cha jirani, na kilichovunwa kinapumzika miaka 24. Fedha ikaingia kwenye miradi ya kijiji.

Ndiyo maana tunapochangishana huku kwa ajili ya mazingira ya nyumbani huwa nabishana na wenzangu. Michango karibu yote inakwenda kununua miche. Kijiji kisichopimwa mipaka na kisicho na mpango wa matumizi ya ardhi kinapata shida hata kutangaza msitu wake, na kazi hiyo inahitaji wapimaji, vikao na nauli za watu. Hakuna anayepiga picha karibu na jiwe la mpaka. Mchango wangu wa mwaka huu ningependa ulipie mawe hayo.