Kong'o-Kong'o ya Datsun

Jamani, kuna vitu vimeumbwa makusudi kumdhalilisha baba mwenye familia, na kwangu mimi kinachoongoza ni bushi ya springi. Wala si injini. Injini ikifa unaheshimika: watu wanakuja kukupa pole, wanasimama mikono nyuma, wanatikisa vichwa, mwingine anakununulia soda. Bushi ikiisha nani akupe pole? Ni kimpira tu, kina tundu katikati, unakitia mfuko wa shati na kuendea harusini bila mtu kujua. Ila kikishalika, Nkuhungu nzima inajua umetoka saa ngapi na umerudi saa ngapi, maana kila shimo gari linatangaza: kong'o! kong'o! Na mashimo hatujawahi kupungukiwa.

Gari lenyewe ni Datsun 120Y. Najua, najua, msinicheke. Aina hii ilitoka mwaka 1973, mwaka uleule ilipoamuliwa makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na ukweli usemwe, vyote viwili vimekwenda mwendo mmoja. Nyuma ina springi zile bapa, vyuma vimelaliana kimoja juu ya kingine. Upande wa mbele springi imefungwa kwenye chesisi kwa bolti. Upande wa nyuma inaning'inia kwenye shakeli, yaani vibao vya chuma vinavyobembea, kwa sababu ukiipakia mzigo inajinyoosha, inarefuka, na lazima ipewe pa kwendea. Sasa kila panapokutana chuma na chuma pamewekwa bushi iwaamue. Bushi ikichoka kuamua, ndiyo hizo kelele. Halafu ukikanyaga mafuta, mkia unataka kwenda Kizota wakati pua inaelekea mjini.

Na Dodoma bwana, kila mtu fundi. Shemeji yangu alipanda mara moja tu, akasema ni shokapu. Kijana wa bodaboda alinisimamisha barabarani kuniambia difu imekufa. Mzee jirani yangu kila asubuhi ananisalimia "Mbukwenyi!", tukimaliza kujuliana hali ananipa ushauri uleule: "Lipime kilo, baba, chuma kina bei siku hizi." Mama watoto yeye alishakata shauri kwamba lina pepo. Wako na wale wa kunifariji: "Usilidharau, Datsun ilichukua Safari Rally mwaka 1970, ikarudia 1971." Ni kweli ilichukua. Lakini ile ya 1970 ilikuwa 1600 SSS, na aliyeiendesha, Edgar Herrmann, hakuwa na abiria wa kiti cha nyuma wenye magunia mawili ya mtama na mbuzi wa mahari.

Nikaenda duka la spea. Kijana hakunyanyua macho kwenye simu. "Datsun? Hiyo ni ya Wachina, mzee?" Nikamwambia ni Nissan hao hao, jina walianza kuliondoa mwaka 1981. Akanitazama kwa huruma, akasema yeye mwaka huo hata baba yake hakuwa ameoa. Sasa hilo linanisaidia nini?

Kwa kawaida unapewa njia tatu. Ya kwanza, bushi ya kuchonga kwenye tairi kuukuu: bei chee, inakaa mpaka mvua za kwanza, kisha inaanza kutafunika. Ya pili, zile za plastiki ngumu za rangi nyekundu, vijana wanazipenda sana. Hazifi upesi, sikatai, lakini kila kokoto utakayoikanyaga itapanda mpaka kwenye magego. Ya tatu ni mpira wenyewe, uliobanwa kati ya mabomba mawili madogo ya chuma, moja ndani, moja nje. Mimi ni mtu wa mpira. Mgongo wangu na plastiki haviivi chungu kimoja. Zikaagizwa Kariakoo, zikaja na basi, nikazisubiri stendi ya Nanenane na vumbi langu machoni. Kifurushi chenyewe kinaingia kwenye kiganja, na nauli yake ilikaribia bei yake.

Basi, tukafika kwa fundi. Huyu ana neno moja tu la kazi: "Itatoka." Gari likapandishwa jeki, likakalishwa kwenye vigogo, yubolti zinazoibana springi kwenye ekseli zikafunguliwa, ekseli ikashikiliwa. Akaweka spana kwenye bolti ya mbele, akavuta, bolti ikazunguka robo. Furaha! Akaachia spana, bolti ikarudi ilipokuwa. Akavuta tena, ikaenda, ikarudi. Kumbe bolti ilishashikana kwa kutu na lile bomba la ndani, kwa hiyo alichokuwa anakizungusha ni mpira, nao ulikuwa unajikunja na kujikunjua kwa raha zake, umestarehe. "Itatoka, bosi." Ikamwagiwa mafuta ya breki. Ikapigwa nyundo. Ikatukanwa kwa Kigogo, kwa Kisukuma na kwa lugha nyingine nisiyoijua. Mwisho ukaletwa msumeno wa chuma, bolti ikakatwa huku na huku, springi ikashuka chini na kisiki chake ndani.

Hapo ndipo likatoka wazo la moto. Miye nilisema tutoboe mpira kwa drili pembeni mpaka ulegee, tuusukume. Fundi akasema drili inataka umeme, moto unataka kiberiti. Ulikuwa mwezi wa saba, na mnaujua upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba, hauna adabu. Moshi mweusi ukanyanyuka, ukachungulia kushoto, ukachungulia kulia, ukaona kamba ya jirani imejaa mashuka meupe.

"Jirani, mnachoma nini?"

"Bushi, mama."

"Bushi! Kwani zinaliwa?"

Ilibidi mke wangu aingilie, na mashuka yakafuliwa upya kwetu, kwa sabuni yetu. Ikumbukeni hiyo sabuni.

Mpira ulipoungua likabaki bomba la nje, limeng'ang'ania ndani ya jicho la springi, lile tundu la mwishoni mwake. Hapa fundi nampa haki yake. Aliufungua msumeno, akapitisha kisu chake kwenye tundu, akaufunga tena, akaanza kukwaruza kwa ndani taratibu, unga mwekundu wa kutu ukimwagika kwenye magoti yake, akikata bomba bila kuigusa springi. Akaweka tindo, akagonga kidogo, bomba likajikunja na kudondoka. Vipande vya mpira vilivyosalia vilikuwa vimemeguka kama biskuti iliyosahauliwa kwenye chai. Bushi mpya ikapakwa maji ya sabuni, si grisi, maana grisi inauvimbisha mpira, ikavutwa ndani kwa bolti ndefu, nati na washa nene. Ikaingia kwa heshima.

Nikadhani tumemaliza. Fundi akaanza kukaza bolti gari likiwa bado juu, magurudumu yananing'inia. Nikamwambia, "Fundi, hapana. Shusha kwanza, gari likae kwa uzito wake, ndipo ukaze."

"Kwa nini, mzee?"

"Kwa sababu ukikaza unalibana bomba la ndani, na mpira unashikana nalo. Ukikaza juu, tukishusha mpira unajinyonga na kukaa hivyo hivyo umenyongeka, gari hata likiwa limelala. Utachanika kabla ya Krismasi."

"Mzee, mimi niko kwenye kazi hii tangu nikiwa mtoto."

"Na bushi ndio umezichosha tangu hapo."

Wateja wengine wakacheka, na hilo ndilo lililomkera. Gari likashushwa. Akaingia chini kwa tumbo, mchanga unamwingia kwenye kola, akakaza huku ananung'unika mambo ambayo nilijifanya siyasikii. Tukalitoa mpaka barabara ya Singida na kurudi. Kimya. Mkia na pua vinakwenda mtaa mmoja.

Akaniandikia hesabu kwenye kipande cha boksi. Bolti mpya, sawa. Kiberiti, haya. Ufundi, nimekubali bila kelele. Chini yake: sabuni. Chini yake tena, kwa mwandiko mkubwa zaidi: kubishana na mteja.

Ya kubishana nimelipa, maana nilimsumbua kweli. Ya sabuni nimegoma mpaka leo.