Umbo au kazi: bima inapochora mstari usoni

Mashirika mengi ya bima ya afya hupima upasuaji wa kurekebisha mwili kwa kanuni moja: kinacholipiwa ni kurudisha kazi ya kiungo, sura ni juu yako mwenyewe. Kope ikivutwa na kovu la moto hadi jicho halifumbi, gharama inalipwa. Kovu lile lile likikaa shavuni, huitwa urembo. Wanaoichukia kanuni hii huisema kama upuuzi mtupu. Si upuuzi.

Jicho lisilofumba hukauka, likafanya vidonda, na mwishowe likapofuka. Shingo iliyoungua na kupona ikiwa imeinama humfunga mtu kidevu kifuani. Mtoto aliyezaliwa na mpasuko wa kaakaa hupata shida kunyonya, maziwa humtokea puani, na akianza kusema maneno hayamtoki sawasawa. Hapo hakuna cha kubishania. Mwaka 2015 tume iliyoundwa na jarida la kitabibu la The Lancet ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama, kwa wakati na kwa gharama wanayoimudu. Mahali ambapo mpasuaji ni mmoja na wanaomsubiri ni mamia, asiyeweza kula amtangulie asiyelipenda kovu lake. Hata mimi ningepanga foleni hivyo.

Ila kumwambia mtu asubiri ni jambo moja, na kumwambia hana shida yoyote ni jambo jingine kabisa. Kanuni iliyofaa kupangia foleni hutumiwa kuwafukuza walio nyuma.

Chukua tabasamu. Kwa aliyepooza upande mmoja wa uso, tangu miaka ya 1970 wapasuaji wamekuwa wakitoa kipande cha msuli wa paja la ndani, wanakipandikiza shavuni, kisha chini ya hadubini wanaunga mishipa ya damu na neva. Neva hukua takriban milimita 1 kwa siku, kwa hiyo miezi hupita kabla shavu halijatikisika. Je, hiyo ni sura au ni kazi? Midomo isiyofunga humwaga chai, na sauti za p na b humshinda mtu. Lakini ukimuuliza mgonjwa mwenyewe, yaelekea atakueleza kwanza jinsi watu wanavyomdhania kanuna au anawadharau. Uso hutumika kusemezana na watu. Kuonekana ni sehemu ya kazi yake, kama kushika ilivyo kazi ya mkono.

Harold Gillies, mpasuaji mzaliwa wa New Zealand aliyeweka misingi ya fani hii katika Vita vya Kwanza vya Dunia, hakuusubiri mjadala huu. Katika hospitali ya Sidcup, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1917, aliletewa askari waliopoteza taya, pua na midomo. Kuwawezesha kutafuna na kupumua kulikuwa nusu tu ya alichokitaka. Alihangaikia sura zao pia, upasuaji juu ya upasuaji, wakati mwingine kwa miaka. Inasimuliwa kwamba huko kulikuwa na benchi zilizopakwa rangi ya buluu, ili wenyeji wajue mapema kwamba atakayeketi hapo huenda sura yake ikawashtua.

Benchi hizo ndizo zinazoleta hoja nzito zaidi ya upande wa pili, nzito kuliko ya bima. Ikiwa shida iko machoni pa mtazamaji, kwa nini akatwe anayetazamwa? Katika Vita vya Pili, Archibald McIndoe, jamaa yake Gillies, aliwatibu marubani walioungua, katika mji wa East Grinstead, Uingereza, na akaufanya mji wenyewe kuwa sehemu ya tiba. Wagonjwa waliruhusiwa kutoka na kuingia mjini, na wenyeji walihimizwa kuwakaribisha bila kuwakodolea macho. Miongo kadhaa baadaye James Partridge, aliyeungua vibaya akiwa kijana wa miaka 18, alianzisha shirika la Changing Faces mwaka 1992 ili kuitaka jamii ijirekebishe badala ya kumwachia mwenye kovu mzigo wote. Naikubali hoja hii kwa kiasi kikubwa. Ninapoachana nayo ni pale inapotumiwa kumnyima mtu upasuaji anaoutaka leo, kwa ahadi kwamba kesho majirani watastaarabika.

Wala neno “kazi” si kinga dhidi ya uamuzi mbaya. Mkono wa marehemu aliopandikizwa mtu huko Lyon, Ufaransa, mwaka 1998 ulikuwa suala la kazi waziwazi. Mpokeaji aliacha dawa za kushusha kinga ya mwili, mwili ukaukataa, na mwaka 2001 mkono huo ukakatwa kwa ombi lake mwenyewe. Mmarekani aliyepandikizwa mkono huko Louisville mwanzoni mwa 1999 aliishi na mkono wake mpya miaka mingi. Wote wawili walihitaji dawa zinazoongeza hatari ya maambukizi, saratani na kuharibika kwa figo, kwa ajili ya kiungo ambacho mtu anaweza kuishi bila hicho. Isabelle Dinoire, aliyepewa sehemu ya uso huko Amiens mwaka 2005 baada ya kushambuliwa na mbwa, alikula na kuzungumza vizuri zaidi. Baadaye akaugua saratani, na akafariki mwaka 2016. Hata upasuaji wa kawaida hulipiwa na mwili: ngozi ya kuziba kidonda huchunwa mahali pengine, na mahali hapo pia hubaki na alama.

Ndiyo maana naona Marekani ilifika karibu na jibu katika sheria yake ya mwaka 1998 kuhusu saratani ya matiti. Bima inayogharamia kuondolewa kwa titi inalazimika kugharamia pia kulitengeneza upya, pamoja na kulisawazisha la pili lililo zima. Swali la kazi halikuulizwa hata kidogo, kwa sababu titi lililotengenezwa halinyonyeshi, na mara nyingi halina hisia za awali. Kilichozingatiwa ni kwamba ugonjwa umechukua kitu, na mwanamke akitaka kirudishwe, kirudishwe.

Akitaka. Wapo wanaochagua kifua bapa, hawataki silikoni wala kukatwa nyama ya tumbo ipelekwe kifuani. Baadhi yao wamezinduka kutoka kwenye nusukaputi na kukuta mikunjo ya ngozi imeachwa makusudi, eti huenda wakabadili mawazo. Hao hawakunyimwa chochote na bima. Walikuwa wameshamwambia daktari wanachotaka, naye akaamua anaijua sura yao kuliko wao.