Vitofali vya Kuchezea Mikononi mwa Watu Wazima

Mtu mzima wa Lamu anayeketi jioni kuunganisha vitofali vya plastiki hakosi kuulizwa barazani kama amerudi utotoni. Swali huulizwa kwa mzaha, lakini halikosi msingi: vitofali hivyo, ambavyo kampuni ya LEGO ya Billund, Denmark, iliviombea hataza mwaka 1958, vilibuniwa ili watoto wavichezee, na masanduku makubwa yana bei ya kumfanya mtu afikirie karo kwanza.

Hata hivyo hoja ya utoto ndiyo dhaifu kuliko zote. Vitofali 6 tu vya rangi moja, kila kimoja chenye vinundu 8 vya kushikania juu yake, huweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765, hivyo anayejenga kutoka kichwani mwake hana budi kuchagua na kukataa kila anaponyoosha mkono. Tena kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8, na jengo zima hulazimika kukitii kipimo hicho. Jambo hilo si geni Lamu. Vyumba vya nyumba za mawe za Mji wa Kale ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari hazifiki mbali, upana wa kama mita 3 hivi. Waashi hawakushindana na boriti, bali walizigeukia kuta na kuzipamba kwa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na nakshi za chokaa. Anayejaribu kuujenga ukuta wa zidaka kwa vitofali vya pembe mraba, hasa anapofika kwenye matao, hukabiliwa na kizuizi cha jinsi hiyo hiyo, na hulazimika kuihesabu na kuipima nyumba ambayo pengine ameishi ndani yake miaka yote bila kuitazama.

Hoja nyingine, kwamba vitofali huongeza plastiki duniani, ni nzito zaidi. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyotupwa. Kuagiza plastiki mpya kwa ajili ya starehe baada ya hapo kunahitaji utetezi. Upo, ingawa si kamili: kitofali hakitumiki mara moja kikatupwa, na cha mwaka 1958 bado hushikana na cha leo. Lakini mwaka 2023 kampuni hiyo iliachana na mpango wake wa kutengeneza vitofali kwa chupa zilizorejelezwa, na malighafi kuu wakati huo ilikuwa bado ya mafuta ya petroli. Kwa hiyo vitofali vilivyokwisha kutumika, vinavyouzwa kwa mchanganyiko, vina uhalali kuliko sanduku jipya.

Vina faida nyingine pia, nayo ndiyo inayonielemeza upande wao. Sanduku la meli ya Titanic lina vipande 9,090, na kila kimoja kimekwisha kupangiwa mahali pake na kijitabu. Anayelimaliza ameonyesha subira kubwa, ila ubunifu ulikuwa wa aliyekichora kijitabu. Rundo lisilo na kijitabu humwachia mjenzi uamuzi wote, pamoja na lile tao la kidaka linalokataa kupinda.