Waafghani hawakuruka foleni ya mtu

Leo naongea na wabongo wenzangu tulioko huku Uingereza kwanza, wa nyumbani mtanivumilia nitawafikia. Maana tangu ijulikane kwamba serikali ya Uingereza ilivujisha majina ya Waafghani ikawa inawaleta huku kwa siri, magrupu yetu ya WhatsApp yamegeuka, yaani ukisoma unadhani ni wale jamaa wanaoandamana nje ya mahoteli wanakokaa waomba hifadhi, tofauti sisi tunaandika Kiswahili na tunaanza na "habari za asubuhi wapendwa". "Sisi tunalipa viza mpaka tunakopa, wao wanatumiwa ndege." "Hela ya kuongeza mshahara hakuna ila ya Waafghani ipo." Eti wameruka foleni. Foleni gani hiyo jamani?

Kwa ambaye hakufuatilia. Kabul ilianguka Agosti 2021, Taliban wakarudi, na kule wakabaki maelfu ya watu waliofanya kazi na jeshi la Uingereza kwa miaka: wakalimani, madereva, na askari wa vikosi maalum ambavyo Waingereza wenyewe walivifundisha na kuvilipa. Serikali ikawa na mpango unaitwa ARAP, unaomba, wanaangalia kama kweli ulifanya kazi nao, ukikubaliwa unaletwa na familia yako. Sasa Februari 2022 askari mmoja makao makuu ya vikosi maalum alikuwa anataka kuhakiki baadhi ya majina, akatuma faili la Excel kwa watu wasiostahili kulipata. Yeye alidhani anatuma majina kama 150 hivi, kumbe nyuma yake kuna mistari zaidi ya 30,000 imejificha. Mle ndani kulikuwa na maombi ya watu karibu 19,000, majina, mawasiliano, na taarifa za ndugu zao. Ukihesabu na familia, mahakamani ilitajwa kwamba wanaoweza kuwa hatarini wanafika mpaka 100,000.

Na hakuna aliyestuka. Mwaka mzima na nusu lile faili linatembea huko, mpaka Agosti 2023 mtu akarusha kipande chake Facebook ndipo wakubwa wakaanza kukimbia. Wizara ya Ulinzi ikaenda mahakamani, tarehe 1 Septemba 2023 wakapewa amri ya kufunga midomo, tena si amri ya kawaida, hii hata kusema kwamba amri ipo ni kosa. Waandishi waliokuwa wameshajua wakanyamazishwa. Bunge halikuambiwa kitu. Na wenye majina yao pia hawakuambiwa, hapo ndipo mimi damu inapochemka.

Hebu fikiria uko Jalalabad au Kandahar umejificha kwa shemeji yako, unabadilisha laini ya simu, watoto hawaendi shule, na jina lako liko kwenye faili ambalo halina tena mwenyewe. London wanajua. Aliyerusha Facebook anajua. Wewe ndiyo hujui. Sababu iliyotolewa ni kwamba wakitangaza Taliban nao watajua faili lipo walitafute, na sikatai, kwa wiki za mwanzo ilikuwa na mantiki kabisa. Ila ikaenda karibu miaka miwili! Mei 2024 Jaji Chamberlain alisema amri iondolewe, serikali ikakata rufaa ikashinda, ikaendelea mpaka tarehe 15 Julai 2025. Siku hiyo Waziri wa Ulinzi John Healey ndiyo akasimama bungeni kuomba radhi, na Waafghani wenyewe wakatumiwa imeili siku hiyohiyo. Jaji huyo huyo aliandika kwamba amri ile ilizima kabisa njia za kawaida za kuiwajibisha serikali kwenye nchi ya demokrasia. Kwa lugha yetu: walifunika kombe, mwanaharamu apite.

Alafu katikati ya huo ukimya kulikuwa na uchaguzi, Julai 2024. Wengine hamjui, sisi Watanzania, Wakenya na Waganda tunaoishi huku kihalali tunaruhusiwa kupiga kura kwa sababu ya Jumuiya ya Madola, na mimi nilipiga. Nilipanga mstari pale kwenye ukumbi wa kanisa na karatasi yangu nikachagua, mada kubwa ya kampeni ilikuwa wahamiaji, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kuna mpango wa siri wa kuwaleta hao Waafghani, wa mamia ya mamilioni ya pauni, unaendelea. Chama kilichotoka kilijua, wakubwa wachache wa kilichoingia walijua, mpiga kura kapuku hajui.

Sasa sikilizeni hii, maana inatuhusu Waafrika Mashariki moja kwa moja. Ule mpango wa siri wa kuwaleta waliovujishiwa majina uliidhinishwa Aprili 2024. Mwezi huo huo, Aprili 2024, bunge likapitisha ile sheria ya kusema Rwanda ni nchi salama ili wahamiaji wapelekwe Kigali. Yaani mkono wa kulia unapiga kelele "tunawapeleka Rwanda" na mkono wa kushoto unakodi ndege kimyakimya. Na ile ya Rwanda, serikali mpya ilipoingia ikasema imeshakula pauni milioni 700, walioenda ni watu wanne, tena kwa hiari yao. Hao wanne sijawahi kusikia mtu kwenye grupu anawalalamikia bei.

Turudi kwenye hela, ndiyo inayowauma wengi. Mpango wa siri ulikuwa umeshatumia kama milioni 400 za pauni, na makadirio mpaka uishe ni milioni 850. Ni hela nyingi, sitaki kujifanya si nyingi. Na wanaoupinga mpango wana hoja moja nzito ambayo nawapa haki yao: wengi wa walioletwa kwa njia hii ni watu ambao ARAP ya kawaida ilikuwa haiwachukui. Tena kuna ripoti ya Paul Rimmer, mstaafu wa ujasusi wa kijeshi, aliyepewa kazi na serikali mpya, akasema Taliban tayari walikuwa na taarifa nyingi kutoka kwenye ofisi za serikali iliyoanguka, kwa hiyo faili hili huenda halikuongeza hatari kiasi kile kilichoogopwa. Basi watu wameishika hiyo, wanasema mnaona, hela zimeenda bure.

Mimi naona hivi. Mtu alikuja kwako na siri yake, akakuambia jina langu hili, simu yangu hii, mke wangu na mdogo wangu hawa hapa, nisaidie. Unaweza kumwambia hapana, hufikii vigezo, sawa, ni haki yako. Lakini ukishamwanika juani hayo mambo ya vigezo yameisha, sasa hivi humpi msaada, unalipa ulichoharibu. Na kama ulikuja kugundua baadaye kwamba jua halikuwa kali sana, hiyo bahati ni yake, haifuti ulichofanya. Walioifanya hii kuwa ghali ni wizara yenyewe, maana si mara ya kwanza: Septemba 2021 walituma imeili kwa wakalimani wakaweka anwani za watu 245 wote wanaonana, wakaja kupigwa faini ya pauni 350,000 Desemba 2023, hadharani kabisa, huku hili kubwa limefunikwa. BBC nao wakafuatilia wakakuta kitengo kinachoshughulikia maombi haya kimekuwa na matukio 49 ya kuvujisha taarifa kwa miaka minne. Arobaini na tisa! Hapo unamlaumu Mwafghani?

Sasa nije kwa dada mmoja, nimemuomba ruhusa, jina simtaji. Anafanya kea kama wengi wetu, anaamka saa kumi alfajiri, anaenda nyumba za wazee mmoja baada ya mwingine kuwaogesha na kuwapa dawa, petroli anajiwekea mwenyewe na muda wa njiani halipwi. Watoto wake wawili wako Mwanza kwa bibi yao. Yeye ndiye aliyeniambia, kwenye basi tunatoka shifti, "Kaka, mimi siwachukii, ila nieleze, wao wanaletewa mpaka watoto, wangu mimi kosa lao nini?" Nilikaa kimya vituo viwili vitatu hivi maana swali ni la kweli. Aliyeingia upya kwa viza ya kea tangu Machi 2024 haruhusiwi kuleta mume, mke wala watoto. Na sisi tulio kwenye viza nyingine tunajua, ada ya afya peke yake pauni 1,035 kwa mwaka kwa watu wazima wengi, unailipa yote kwa mkupuo kabla hata hujaona hiyo hospitali.

Nilimjibu hivi: dada yangu, aliyewafungia wanao mlango si Mwafghani. Walioandika hiyo sheria ya Machi ndio haohao waliokuwa wanaficha faili, serikali ileile, mwaka uleule. Mwafghani asingeletwa, ile milioni 850 isingekuja kwenye payslip yako, na wanao wangekuwa bado Mwanza. Akasema "najua, ila inauma". Inauma ndiyo, sijapinga. Tatizo ni pale maumivu yanapotafuta mnyonge wa karibu.

Na wa nyumbani msicheke, haya maneno mimi nimeyasikia kabla sijapanda ndege. Mimi ni mtu wa Kasulu, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ni jirani. Wakongo wako pale tangu 1996, Warundi wakaongezeka 2015, na toka nikiwa mdogo nasikia "wakimbizi wanapewa mahindi ya bure sisi tunalima mpaka mgongo unapinda". Wakati huohuo yale mafuta ya kula ya msaada kwenye makopo tulikuwa tunayanunua bei chee sokoni tunakaangia, na mihogo yetu tunawauzia wao, kila mtu anafaidi alafu jioni tunawasema. Tanzania ilishafanya mambo makubwa ambayo hapa hakuna anayeyajua, wale Warundi wa 1972 waliokuwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa ardhi wakalima, na 2014 zaidi ya 160,000 wakapewa uraia. Ukiwaambia Waingereza hiyo namba wanadhani umekosea sifuri. Lakini pia tusijipake mafuta, 2018 tukajitoa kwenye ule mpango wa kimataifa wa wakimbizi, masoko ya pamoja kambini yakafungwa, na mtu kazaliwa Nyarugusu ana miaka ishirini na kitu kutoka nje ya kambi mpaka kibali. Hata hawa Waafghani ukanda wetu ulipokea kidogo, Uganda ilichukua kundi la kwanza la watu 51 Agosti 2021, na Rwanda ikapokea shule nzima ya bweni ya wasichana wa Kiafghani. Mahoteli hayakuzingirwa.

Kwenye kutunza majina ya watu ndiyo hatuna cha kumfundisha mtu. Nilipokuja likizo nilinunua karanga stendi, zimefungwa kwenye karatasi, nikamaliza karanga nikaikunjua kusoma kama ilivyo tabia, ni fomu ya mkopo. Jina kamili, namba ya simu, jina la mdhamini, jina la mwenyekiti wa mtaa, na dole gumba la wino. Yule mama muuza karanga hana kosa, kauziwa kwa kilo. Sheria ya kulinda taarifa binafsi tunayo tangu 2022 na tume yake ipo, ila mwenye lile dole gumba hatakuja kujua, na sisi hata hatuhitaji amri ya jaji ili mambo yafunikwe, yanajifunika yenyewe. Huku Uingereza walificha wakashindwa. Kulikuwa na waandishi waliokaa na hiyo stori mdomoni karibu miaka miwili na bado kila kikao wanarudi mahakamani na mawakili kuomba iachiwe, mwisho ikaachiwa. Hicho ndicho ninachoionea wivu hii nchi, uaminifu hawajatuzidi sana.

Kwa sasa ARAP imefungwa kwa maombi mapya tangu Julai 2025, na ule mpango wa siri nao umefungwa, serikali ikasema itaheshimu mialiko kama 600 ya watu ambao walikuwa bado Afghanistan. Waliobaki wameambiwa wawe makini na simu zao. Mamia wameshika mawakili wanadai fidia, wizara imesema itapambana nao. Kwa hiyo hao mnaosema wamependelewa, wengi wao walichopata mpaka leo ni imeili moja.

Kama unataka tupiganie watoto wa wafanyakazi wa kea waruhusiwe kuja, niko mbele, mbunge wako analazimika kukusikiliza na kura unayo, nipigie hata usiku tuandike barua pamoja. Ila ile posti ya "warudishwe kwao" ukiirusha tena kwenye grupu nitakuuliza hapohapo mbele ya watu, warudishwe kwa nani, na hilo faili utakuwa umelichukua wewe?