Ulimi Wangu Umeteseka Bure

Mimi nilivutwa sikio kwa sababu ya neno "three". Nilisema "trii". Mwalimu akatoa ulimi wote nje kunionyesha: weka kati ya meno, puliza! Nikapuliza. Nikamrushia mate wa dawati la mbele mpaka tukanuniana. Wiki nzima nashinda ulimi nje kama mbwa aliyekimbia juani. Na kumbe hiyo th ninayo tangu utotoni, thelathini naitamka hata usingizini!

Leo ni mtu mzima, namsikia mtu wa London anasema "frii". Yaani kwake tatu na bure ni neno moja! Nikawasikiliza watu wa Dublin, wengi wanasema "trii", ileile iliyoniponza. New York nako wapo wa "dis" na "dat". Sikio la nani limevutwa?

Lakini r ndiyo iliyonimaliza. Mskoti anaigonga kama mlango wa mdeni. Mmarekani anaikunja ulimi (wa Boston msiwahesabu, wapo wanaoitupa). Mwingereza wa London anaiacha mwishoni mwa neno, "car" inakuwa "kaa". Mara ya kwanza nilijiuliza: ni kaa la moto, kaa wa baharini, au naambiwa niketi? Halafu mtu huyohuyo akitaka kusema "law and order", anachomeka r isiyokuwepo: "loo-r-end-oda". Kumbe ile aliyoinyima gari alikuwa anaiweka akiba!

T nayo ina mambo. Kwa Mmarekani, "water" ni "worar". Kwa wengi wa London t inakatikia kooni, "wo'a", hujui anaomba maji au ana kwikwi. H sitaki hata kuianza. Mwingereza anaitamka kwenye "herb", Mmarekani anaimeza. Halafu yule wa mitaa ya London mashariki anaiondoa hata kwenye nyumba yake mwenyewe, anaishi kwenye "aus".

Juzi kanipigia mtu wa London, ana kazi ya kutafsiri. Akauliza ukurasa mmoja nataka pauni ngapi. Nikakumbuka sikio langu. Nikatoa ulimi, nikauweka kati ya meno, nikapuliza vizuri kabisa: "Three."

Akanyamaza kidogo, sauti ikamlegea. Akanishukuru sana, akasema watu wenye moyo wa kujitolea kama mimi siku hizi hawapatikani.

Kurasa arobaini zimeingia jana usiku.